Vifungo 7,919 na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kuandika. Dada yangu kaninunulia daftari hili, kasema nikijaa maneno niyamwage humu, nisiyamwage masikioni mwake. Haya. Daftari angalau halipigi miayo.

Habari kubwa: Bibi Kikohozi kastaafu! Miaka ishirini na mbili kakaa meza ya dirishani, pale kazini, chumba cha kupakia vifungo vya nguo. Sisi wengine tunatazama ukuta. Yeye barabara nzima ilikuwa yake: saluni, mlango wa daktari wa meno, na ngazi za yule dereva mjane anayepata wageni wa kike kila wiki, na kila wiki sura mpya. Na miaka yote hiyo Bibi Kikohozi hakutuletea hata habari moja! Anatazama, anakohoa, anafunga pakiti. Roho mbaya ya kimya kimya.

Tunaoitaka ile meza ni wawili. Mimi, na Mama Rula. Mama Rula anapima kila kitu kwa rula, hata mkate wa chai anaupima kabla ya kuukata. Anataka dirisha eti kwa sababu ya mwanga. Mwanga! Mtu mzima unapewa dirisha, unatazama mwanga?

Msimamizi hapendi kelele, kaamua tushindane. Kuna gunia la vifungo vya kijani vya matundu manne, aina ambayo haitengenezwi tena. Mteja kavinunua vyote. Mashine ya kuhesabia imesema viko 7,919. Atakayevipakia vyote, pakiti zote sawasawa, kisibaki hata kimoja, huyo kapata dirisha. Pakiti isipungue vifungo sita, wala isizidi hamsini maana inapasuka. Mwisho Jumatatu ijayo saa sita mchana. Tukishindwa wote, pale dirishani anaweka kabati la mafaili.

Kabati! Lina macho?

Kasema pia kutoa kifungo hata kimoja ni wizi, mtu anafukuzwa siku hiyo hiyo. Kalisema mara mbili. Mara ya pili alikuwa ananiangalia mimi.

Niliishia darasa la nne lakini kugawa najua. Kazi ya asubuhi moja hii.

Jumanne, 4 Machi

Si kazi ya asubuhi moja.

Tunatumia ubao wa matundu. Ubao wa kumi una matundu kumi, unauchovya kwenye sinia la vifungo, kila tundu linachukua kimoja, unamimina pembeni, umepata pakiti moja. Nikaanza na wa kumi. Nikachovya mpaka bega likaniita jina langu. Pakiti mia saba tisini na moja zimejaa. Ya mwisho ikatoka na vifungo tisa.

Tisa! Kimekosekana kimoja!

Sikujali. Nikachukua ubao wa dazeni. Pakiti mia sita hamsini na tisa safi kabisa, ya mwisho ikatoka na kumi na kimoja. Pungufu kimoja! Sinia likahamia kwa Mama Rula, naye akachukua ubao wa nane. Nikanyoosha shingo. Ya mwisho ilikuwa na saba. Kimoja tena! Akajaribu wa tisa, vikatoka vinane. Akajaribu sita, vikatoka vitano.

Wenzetu wakaacha kazi, wakatuzunguka kama vile mtu kazimia. Kila ubao, kimoja. Ubao wa saba peke yake ndio ulibakisha viwili, lakini saba ni namba isiyo na adabu tangu nikiwa shuleni.

Mimi nimeshajua. Kichwa changu kinafanya kazi haraka nikitulia. Vifungo vilikuwa vinagawanyika vizuri tu, na kuna mtu kaiba kimoja. Ndiyo maana kila mahali kinakosekana kimoja! Sasa nani hataki nipate dirisha?

Simtaji. Lakini anatembea na rula.

Jumatano, 5 Machi

Nilimwambia mtu mmoja tu. Mama Chai, anayetuletea chai saa nne. Nikamwambia mwenzangu, weka moyoni, Mama Rula kaficha kifungo ili nishindwe. Nikamwapisha kabisa. Akaapa huku kashika birika.

Saa tano habari ilikuwa imefika idara ya zipu. Saa sita ilirudi kwetu imenenepa, sasa ni gunia zima limeibiwa. Saa saba, aliyeiba ni mimi! Nimelipeleka kwa dereva mjane! Simjui yule mtu hata jina. Nataka tu kumwangalia.

Msimamizi akatusimamisha wote ukutani, mifuko nje. Yangu ilitoka na vipande viwili vya biskuti, kibanio cha nywele, pamba ya sikio, na barua ya mtu mwingine ambayo niliiokota nikawa namtafuta mwenyewe tangu mwaka jana. Mfuko wa Mama Rula ulitoka na rula. Na rula nyingine ndogo.

Akavimimina vifungo vyote kwenye mashine upya. Tukasubiri, mashine ikanguruma mpaka ikachoka. 7,919. Akatoa karatasi ya stoo. 7,919. Hakuna kilichoibiwa. Havikuwahi kuwa zaidi ya hapo.

Mama Rula akaniuliza mbele za watu, kwa sauti ndogo kabisa, kwamba shoga, miaka kumi na minne tunakunywa chai pamoja, leo mimi ni mwizi? Nikamjibu kwamba mimi sikusema, nilisikia. Akauliza ulisikia kwa nani.  

Nilimsogezea kipande cha biskuti. Hakukigusa. Mama Rula kukataa biskuti! Nimekuwa sina raha mchana wote. Halafu hapa kazini wananiita Redio. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Jioni nilipanda kwa mpangaji wa juu, Mwalimu Mstaafu. Alifundisha hesabu miaka arobaini, sasa hana wa kumfundisha, anahesabu ngazi akipanda. Nikampa namba kwenye kipande cha karatasi ya dawa. 7,919. Nikamwambia Mwalimu, hii namba ina ugonjwa gani?

Akavaa miwani. Akaniambia nikae. Nikajua leo siondoki mapema.

Akagawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Akaruka nne na sita, kasema namba ikikataa mbili imeshakataa nne, hakuna haja ya kuibembeleza. Akaenda kumi na moja, kumi na tatu, akaenda, akaenda. Chai ikapoa. Alipofika themanini na tatu akaweka kalamu. Jumla kajaribu namba ishirini na tatu, zote zimekataa. Nikamuuliza mbona umeacha, namba si ziko nyingi bado? Akasema inayofuata ni themanini na tisa, na themanini na tisa mara themanini na tisa ni 7,921, imeshapita yetu. Kama yetu ingetokana na namba mbili zilizozidishwa, moja kati ya hizo mbili ingekuwa ndogo kuliko hapo, na tungekuwa tumeshaikamata. Kwa hiyo hii inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Kasema ni namba tasa.

Nikasema maskini. Haina hata mtoto wa kuasili?

Mwalimu hakucheka. Alikuwa na furaha yake nyingine. Akaleta kitabu kimetoka jalada, mwishoni kina orodha ya namba tasa, akateremka na kidole ukurasa baada ya ukurasa. Akaniambia ukizihesabu kutoka mwanzo, mbili ya kwanza, tatu ya pili, hii yetu ni ya elfu moja. Kamili! Akanishika mkono. Macho yalikuwa yamemlowa. Mimi nikamwambia hongera, kwa sababu sikujua kingine cha kusema.

Lakini wakati natoka, akasema jambo. Kasema ajabu ni kwamba jirani yake wa mlango wa pili, 7,920, ni kinyume chake kabisa. Anafungua kwa kila mtu. Mbili, tatu, nne, tano, sita, nane, tisa, kumi, kumi na moja, dazeni. Saba tu ndiye anamnunia. Ndiyo maana kila ubao wetu ulipungukiwa kimoja. Vifungo vilikuwa vinaita kimoja zaidi!

Nikateremka ngazi mbili mbili. Kutoa ni wizi. Kuongeza je? Msimamizi hakusema kitu juu ya kuongeza! Kuongeza ni ukarimu!

Na nani ana vifungo vya kijani vya matundu manne? Wifi yangu. Gauni lake la heshima, nilimshoneshea mimi mwenyewe mwaka ule, na vifungo vilitoka hapa hapa kazini. Viko saba, kifuani mpaka kiunoni.

Nilimkuta wifi anaosha vyombo. Nikamwambia nimepita tu kumjulia hali. Akashangaa, akauliza nani kafa. Nikaomba maji ya kunywa, nikaomba kwenda msalani, nikapita chumbani. Mkasi mdogo, kifungo cha chini kabisa. Mtu gani anaangalia kifungo cha chini?

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikitumbukiza cha wifi kwenye sinia. 7,920! Nikasimama katikati ya chumba nikatangaza kwamba leo napakia dazeni dazeni, pakiti mia sita sitini, kisibaki kitu, anayebisha asogee karibu. Wakasogea wote. Msimamizi akaleta kiti. Mama Rula hakubisha. Alikuwa na tabasamu la pembeni, nikadhani ni jino.

Nikachovya, nikamimina, nikafunga. Saa tisa na nusu nikafunga pakiti ya mia sita sitini. Nikainua mikono juu.

Mama Chai akasema dada, angalia sinia.

Katikati ya sinia, peke yake kama mtu aliyeachwa na basi, kilikuwa kimekaa kifungo kimoja.

Kimezidi! Jumanne kimepungua, leo kimezidi! Na si kifungo chochote. Ni cha wifi, na uzi wa zambarau bado uko kwenye matundu. Msimamizi akakiokota kwa vidole viwili. Akauliza kifungo kipya kimepataje uzi. Nikasema labda mashine. Akauliza mashine inashona? Nikasema siku hizi mashine zinafanya mambo mengi.

Akakirudisha kwenye sinia, akasema kilichobaki kimebaki, pakiti zote zimwagwe. Na kuanzia kesho mlangoni kuna upekuzi, kuingia na kutoka.

Mia sita sitini! Nilizimwaga moja moja. Nilikuwa natoa sauti.

Wakati wa kutoka nikapita mlango wa ofisi yake. Pale kuna ubao wa sampuli, kila aina ya kifungo imeshonwa kimoja na namba yake chini. Nikatazama mstari wa kijani. Kimetoka! Uzi mtupu unaning'inia!

Mama Rula! Naye kapata akili hiyo hiyo! Kumbe usiku mimi nikilala, yeye anapiga hesabu. Mimi nimeongeza kimoja, yeye kaongeza kimoja, wote asubuhi moja. 7,921.

Nikampandia Mwalimu. Nilipomtajia tu hiyo namba akasimama wima. Themanini na tisa mara themanini na tisa! Akasema unaweza kuvipanga sakafuni mistari themanini na tisa, kila mstari themanini na tisa, vikawa mraba kamili, hakuna pembe inayokosa. Nikauliza kwa dazeni je. Hapana. Kumi? Hapana. Hiyo inafunguka kwa themanini na tisa peke yake, na pakiti zetu hazivuki hamsini. Akaniambia angalia jinsi ilivyo, tasa huku, mraba kule, na katikati ile inayokubali kila mtu. Tatu mfululizo! Akataka kunichorea.

Nikamwambia Mwalimu, mimi natafuta dirisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewaza safi. Vimezidi viwili, cha kwangu na cha kwake. Nikitoa changu, kinabaki chake, tunarudi 7,920. Na si wizi, kifungo ni cha ukoo wetu.

Leo ni nusu siku. Nikawahi kabla ya wote. Nikakitafuta chenye uzi wa zambarau, dakika kumi nikakipata. Sasa nikiweke wapi, na mlangoni wanapekua? Shavuni. Nikakitia shavuni, kikakaa vizuri kabisa kama peremende.

Tatizo: siwezi kusema.

Siku gani nimechagua kunyamaza! Mama Chai aliingia na habari ambayo haijawahi kuingia chumba kile. Daktari wa meno kaonekana akipanda ngazi za dereva mjane. Na begi la nguo! Wote wakanigeukia mimi, wanasubiri nianze. Nikatikisa kichwa. Wakashtuka. Mmoja akanishika paji la uso. Mwingine akasema mleteeni maji, Redio imezima.

Msimamizi akaja kunisalimia. Nikaitikia kwa kichwa. Akasalimia tena. Nikanyanyua mkono. Akainama usoni kwangu akauliza mama, una nini mdomoni?

Nikameza.

Kilienda. Nilikisikia kikishuka ngazi zote. Kisha nikamjibu sina kitu, bosi, na nilikuwa nasema kweli.

Basi nikachovya tena dazeni dazeni bila kufunga, kujaribu tu.  Ya mwisho.

Kumi na kimoja.

Nikaenda mpaka ubao wa sampuli. Kifungo cha kijani kimerudi mahali pake, kimeshonwa kwa uzi mweupe, kimenyooka kama kimepimwa. Kumbe Mama Rula naye kawahi asubuhi, kabla yangu! Naye aliuona uzi wa zambarau jana, naye akajua, naye akatoa cha kwake ili changu kibaki. Mimi nimetoa, yeye katoa. 7,919. Ile ile tasa.

Tukatazamana toka mwisho wa chumba mpaka mwisho. Nikaona mdomo wake unacheza. Nikadhani ananitukana. Alikuwa anazuia kicheko.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mama Rula. Nyumbani kwake sijawahi kufika, miaka kumi na minne. Viatu mlangoni vimepangwa kwa urefu. Nikavua vyangu, akavisogeza kidogo.

Nikaanza kuzunguka na habari za hali ya hewa. Akanikatiza. Akasema Redio, sema kilichokuleta. Nikamwambia kifungo. Akasema si kifungo kilichoniuma mimi, mimi kimeniuma kile ulichomwambia Mama Chai. Mume wangu kaulizwa na watu barabarani kama mkewe kafukuzwa kwa wizi. Mwanangu kaulizwa. Wewe umecheka ukasahau, mimi nimekwenda nacho nyumbani.

Nikatazama vidole vya miguu. Nikamwambia nisamehe, shoga. Nilisema hivyo hivyo, bila kuongeza kitu.  Akaniuliza hiyo ndiyo yote? Nikasema ndiyo yote. Akasema basi leo ni siku ya ajabu, akaenda kuchemsha chai.

Tukapanga. Kifungo kimoja, si viwili, wala si sifuri. Chake kikae kwenye sampuli, maana Msimamizi akigundua ni kufukuzwa. Mimi nilete changu. Dirisha tunagawana nusu kwa nusu, yeye asubuhi kwenye mwanga, mimi mchana. Nikajifanya nimeumia. Kumbe dereva mjane anarudi mchana!

Akauliza kifungo nilichonacho kiko wapi. Nikamwambia kiko njiani. Sikufafanua.

Kutoka pale moja kwa moja kwa wifi. Nikamkuta anafoka. Mahafali ya binti yake ni Jumamosi hii, kalitoa gauni, kifungo cha chini hakipo! Kashamfokea jirani yake kwa sababu walianika kamba moja. Jirani kalia. Nikasikitika naye sana. Nikasema watu wa siku hizi, wifi yangu, hata kifungo wanakitamani. Nikamwambia nipe gauni hilo, kazini vifungo hivi viko elfu saba, nakurudishia likiwa kamili kabla ya Ijumaa. Akanikumbatia. Wifi kunikumbatia! Kasema sikujua una moyo huu.

Nimefika nyumbani nimekata cha pili. Vimebaki vitano. Navyo vinakaa vizuri ukiviachanisha kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekipitisha kwenye soksi. Nikapita kwanza kwenye ubao wa sampuli kuhakikisha kijani kipo. Kipo. Nikageuka, Mama Rula yuko nyuma yangu, naye kaja kuhakikisha.  Tukaaminiana hivyo hivyo, kila mmoja kwa macho yake.

Yeye anachovya, mimi nafunga. Hatujawahi kufanya kazi meza moja. Ana mkono mwepesi yule mwanamke! Saa sita kasoro dakika nane akachovya mara ya mwisho. Chumba kizima kimeinama. Matundu kumi na mawili. Vifungo kumi na viwili. Sinia tupu, linang'aa.

Mama Chai akapiga vigelegele na birika mkononi.

Msimamizi akahesabu pakiti. Mia sita sitini. Akachukua kalamu, akazidisha, akapata 7,920. Akatazama karatasi, 7,919. Akatazama pakiti. Akatutazama sisi. Sisi tukatazama sinia. Mwisho akaenda akaipiga mashine kofi, akafuta kumi na tisa kwenye karatasi akaandika ishirini.

Dirisha ni letu!

Mchana nikakaa. Jamani. Barabara nzima. Ndani ya saa moja nilishaona mambo matatu ambayo siwezi kuyaandika hata humu. Sawa, nitaandika moja: daktari wa meno ni dada yake dereva mjane. Na wale wageni wa kila wiki wanapanda kwa fundi cherehani wa ghorofa ya juu kupima nguo. Nimesikitika kweli.

Saa kumi mteja akaja mwenyewe na gari lake. Akachana pakiti ya kwanza kwa meno, akaimwaga kwenye ndoo. Akachana ya pili. Nikamuuliza baba, unafanya nini? Akasema nyumbani huwa anavimwaga vyote kwenye ndoo moja, pakiti za nini, angeletewa na gunia lake angefurahi zaidi. Nikamuuliza kwa hiyo hukutaka ziwe sawa? Akasema zikiwa sawa au zisiwe sawa ataonaje, si ziko kwenye ndoo?

Mama Rula alikaa chini.

Msimamizi kasema lile sharti alilitunga mwenyewe, alitaka tu tuache kupiga kelele.

Jumanne, 11 Machi

Gunia jingine la vifungo vile vile limetokea chini ya ngazi za stoo. Mteja kalitaka nalo. Msimamizi kasema sasa tupakie tunavyotaka, vikibaki vibaki, mwisho wa yote ni ndoo. Mama Rula kasema afadhali, kila mtu apumzike.

Na kweli ningepumzika. Dirisha ninalo, nusu siku. Mama Rula kala biskuti yangu leo asubuhi. Wifi anasubiri nimrudishie gauni. Hakuna mtu kaniomba kitu.

Lakini mashine imehesabu gunia jipya. 7,927. Nikaitazama ile namba, ikanitazama. Wakati wa mapumziko nikakimbia nyumbani, nikampandia Mwalimu. Kaangalia kitabu chake. Tasa! Ndiyo inayofuata baada ya ile yetu! Kashikilia meza.

Nikarudi nikamwambia Mama Rula kwamba mimi naweza kuitoa hii nayo kwa dazeni, kisibaki hata kimoja. Akasema shoga, achana nayo. Nikamwambia tuwekeane dau: nikiweza, na asubuhi za dirishani ziwe zangu.  Akasema anaweka rula yake dau kwamba siwezi.

Haniwezi mimi. Nimeshapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Dazeni zikifika mia sita sitini na moja inakuwa 7,932. Vinahitajika vifungo vitano tu vya kuongeza.

Gauni la wifi limebaki na vitano.

Mahafali ni Jumamosi. Leo ni Jumanne tu. Na hata hivyo pini za nguo zipo, na wifi akisimama wima hawezi mtu kuona.

Mkasi huu hapa.